Mafunzo ya viongozi wa shirika: nani atumwe, na arudi na nini?

Ndugu mapadri, wafratri na wakatekista, mara nyingi wakristu wanatuuliza maneno matatu juu ya mafunzo ya viongozi. Mafunzo hayo ndiyo nini? Nani anaweza kuingia? Na mwenye kuyamaliza anapata cheo gani? Maulizo mawili ya kwanza ni mema. La tatu linaonyesha ya kwamba jambo lenyewe halijaeleweka. Basi tupende kulieleza kwa utaratibu.

I. Shirika ni nini

Kwetu Bukavu tunaita « shirika » kundi la jamaa za wakristu wanaokaa jirani, katika mtaa mmoja au kwenye kilima kimoja, wanaokutana kusali, kusikiliza Neno la Mungu na kusaidiana. Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo, katika makutano yao ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, waliamua kuelekeza kazi ya Kanisa kwa jumuiya ndogo zenye uhai. Mwaka 1975 Baba Mtakatifu Paulo VI alizisema jumuiya hizo katika barua yake Evangelii nuntiandi. Na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ililiita Kanisa Jamaa ya Mungu. Lakini jamaa haionekani katika umati wa watu elfu mbili wanaotoka kanisani siku ya Mungu. Inaonekana pale mgonjwa anapojulikana kwa jina lake.

Kila shirika lina kiongozi, na msaidizi wake, na mwandishi, na mtunza feza. Mafunzo tunayosema ni kwa ajili ya hao.

II. Sababu za kuwafundisha

Sababu ya kwanza tunaikuta katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa alikuwa anakaa tangu asubuhi hata jioni kuamua maneno ya watu. Yetro mkwe wake alimwonya ya kwamba atachoka yeye, na watu watachoka pamoja naye. Heri achague watu waaminifu, wawe wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Paroko anayefanya yote peke yake anafanana na Musa kabla ya shauri lile.

Sababu ya pili tumeifunzwa na machozi. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi, waliuawa mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na bruda Vittorio Faccin. Kanisa limewatangaza wenye heri pale Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa katika mji wa Bukavu, na kiti chake kilibaki kitupu mpaka mwaka uliofuata. Mwaka 2000 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alizuiwa kurudi kwake, akakaa Butembo toka Februari hata Septemba. Na Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, watu wengi walijifungia nyumbani au walikimbia.

Katika siku za namna hii mchungaji anaweza kukosekana, na njia kufungwa. Nani atakusanya watoto kusali? Nani atajua ya kwamba mjane wa nyumba ya tatu hajala? Shirika lisilo na kiongozi aliyefundishwa linatawanyika pamoja na mchungaji wake. Lile lenye kiongozi wa kweli linaendelea kuamini na kupendana. Hiyo ndiyo mizani ya mafunzo yote.

III. Nani aingie

Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Mitume hawakuita wenye kujipendekeza. Waliwaambia ndugu watafute kati yao watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kisha Mitume wenyewe wakawawekea mikono. Kuna hatua mbili: jumuiya inatafuta, mchungaji anathibitisha. Kwa hiyo mtu asijiandikishe peke yake kama anayetafuta kazi ofisini. Atumwe na shirika lake.

Shirika liangalie nini? Mara nyingi linamchagua anayesema Kifaransa kizuri, ao mwenye duka kubwa. Sisi tungependa waulize maneno mengine. Je, nyumbani kwake kuna amani? Analipa madeni yake? Akiambiwa siri, anaitunza? Siku ya kazi ya mikono, anakuja? Bwana ao bibi wake amekubali? Kwani kiongozi anaitwa hata usiku, na nyumba isiyokubali itaumia.

Tusiwasahau wamama. Katika mashirika mengi wao ndio wengi, na wao ndio wanaojua mgonjwa ni nani. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua Antiquum ministerium, aliweka huduma ya katekista kwa walei, wanaume na wanawake sawasawa. Basi tusifunge sisi mlango ambao Kanisa limeufungua.

Saa za mafunzo zifuate maisha ya watu. Mama anayeuzisha kwenye soko la Kadutu hawezi kuketi darasani asubuhi ya siku ya kazi. Tukipanga saa zetu bila kumwuliza, tumekwisha kumfukuza bila kusema neno.

IV. Anajifunza nini

1. Kusikiliza Neno pamoja. Njia inayojulikana sana ni ile ya hatua saba, iliyotoka kwa chuo cha Lumko, Afrika ya Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudilia maneno yaliyotugusa, tunanyamaza, tunashirikishana, tunatafuta Bwana anatuomba kufanya nini, tunasali. Mashirika mengi yanaruka hatua ya sita, kwa sababu ndiyo inayogharimu. Kiongozi asiruhusu watu waende nyumbani kabla ya kuamua jambo moja, dogo na wazi: fulani atamtembelea mgonjwa, fulani atachota maji ya mzee, na juma lijalo tutaulizana. Bila hatua hiyo shirika linakuwa chama cha maneno.

2. Kuongoza kikao. Ajue kumnyamazisha kwa upole anayesema sana, na kumwuliza kwa jina asiyesema kitu. Kiongozi anayejibu kila ulizo mwenyewe bado hajaanza kuongoza.

3. Kutunza feza. Mmoja aandike, mwingine atunze, na hesabu isomwe mbele ya wote. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1287, inaomba waamini waelezwe habari ya mali waliyoitoa. Franka mia mbili zisizoelezwa zinaweza kuvunja shirika lililodumu miaka kumi.

4. Kupatanisha. Njia ni ile ya Bwana katika Mateo, sura ya 18: kwanza wawili peke yao, kisha na shahidi mmoja ao wawili, halafu jumuiya. Hivyo ugomvi wa mpaka wa shamba ao wa matusi unaweza kuisha. Lakini kiongozi ajue mwisho wa kazi yake. Msichana akinajisiwa, si neno la kumaliza kwa mbuzi na pombe kati ya jamaa mbili. Apelekwe kwa munganga upesi, kabla ya saa 72 kupita, Panzi ao hospitali nyingine iliyo karibu, na neno lifike mbele ya sheria kadiri inavyowezekana bila kumtia hatarini. Siri yake itunzwe. Kiongozi anayeficha kosa la namna hii kwa kutafuta amani hatafuti amani ya Kristu.

V. Arudi na nini

Nemo dat quod non habet: hakuna anayetoa asichokuwa nacho. Lakini yuko pia anayepokea na asitoe. Anarudi na karatasi ya mwisho wa masomo, anaitundika ukutani, na toka siku hiyo anataka kiti cha mbele. Wengine wanatumia jina la shirika kwa kuandikisha ndugu zao wa kwanza wakati msaada unapogawanywa, ao kwa kumtafutia kura mtu wa siasa. Mkristu ana haki ya kuingia siasa, na ni vizuri watu wema waingie. Lakini anayetafuta kura aweke kwanza uongozi wa shirika mikononi mwa mwingine, ili kundi la sala lisigeuzwe ngazi yake.

Basi aliyetumwa arudi na mambo matatu. Ahadi ya kueleza mbele ya shirika yale aliyojifunza. Muda uliopimwa, ili ajue siku ya kuachia mwingine. Na mtu mmoja wa kumtayarisha pembeni yake. Tunda la kiongozi ni kiongozi mwingine.

VI. Neno kwa mapadri na wafratri

Padri asiyafanye mafunzo kuwa njia ya kupata watumishi wa kubeba barua zake. Awape kazi kweli, awasikilize wanapokataa shauri lake kwa sababu njema, awatetee wanapodharauliwa. Na ninyi wafratri, wakati wa likizo msikae mbele kama wenye kujua. Ketini katika shirika la nyumbani kwenu, mkisikiliza. Mtakuta huko fundi wa viatu anayejua kupatanisha kuliko sisi tuliosoma teolojia. Siku moja mtakuwa mapadri wa watu kama yeye, na ni heri mmfahamu mapema.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Paroko ni kidole kimoja. Bwana alilipa Kanisa lake mkono mzima, na ni juu yetu kuufundisha kazi.