Mji wa Manowari: Mambo ya Mombasa Yasiyo na Mfano

Mzingiro mrefu kuliko wote katika historia ya Mombasa ulianza tarehe 13 Machi 1696 na haukwisha mpaka tarehe 13 Desemba 1698. Miezi 33. Nje ya kuta walikuwepo Waomani wa Imamu Seif bin Sultan. Ndani ya Fort Jesus walijifungia Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao. Njaa iliua, mizinga iliua, lakini tauni iliyoingia mapema 1697 ndiyo iliyofagia. Kufikia mwisho wa Agosti mwaka huo hakukuwa na Mreno wa kuishika ngome.

Ngome haikuanguka hata hivyo. Iliyashika maboma yake familia ya Bwana Daud, mwana wa kifalme kutoka Faza, yeye na jamaa zake 17, wanaume wengine Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Hao wanawake ndio waliokuwa jeshi. Walilinda kuta ndefu mbele ya adui aliyewazidi kwa mbali, mpaka Septemba msaada wa Wareno ulipofika kwa meli. Vitabu vimeyahifadhi majina ya manahodha na magavana wa Goa, makao ya Wareno huko India. Ya wanawake wale 50 hatunayo. Nikiombwa kutoa tuzo moja tu ya ushujaa katika historia yote ya mji huu, naitoa kwao bila kusita. Mwisho wa yote ni mchungu: ngome ilitekwa Desemba 1698, na merikebu za msaada kutoka Goa zikatokea siku chache baadaye, zikaona bendera ya Oman inapepea, zikageuza tanga.

Ukumbi wa msiba huo wenyewe una sifa zake. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewatumikia Wareno. Sababu ya kuijenga ilitoka baharini: Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa amekuja na merikebu zake na kuwatikisa Wareno pwani nzima, hata wakamkamata hapa Mombasa 1589. Cairati aliipa ngome umbo la mtu aliyejinyoosha chali, kwa buruji nne, mbili zikitazama bara na mbili zikitazama bahari, ili kila ukuta ulindwe na mizinga ya buruji jirani. Kati ya 1631 na 1875 walioimiliki walibadilika angalau mara tisa. Kisha Waingereza wakaigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Aliyeiteka kwa siku moja alikuwa mwana wa mji. Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani aliyeuawa kwa hila za Wareno, alipelekwa Goa akiwa mdogo, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala chini yao. Agosti 1631, siku ya sikukuu, aliingia ngomeni na wafuasi wake, akamuua kapteni wa ngome, na boma likawa lake. Waomani walihitaji karibu miaka mitatu kuipata ngome ileile. Wareno walipoleta merikebu kutoka Goa mwaka uliofuata, aliwarudisha mikono mitupu, kisha mwenyewe akaondoka kwa bahari.

Ndani ya ngome kuna kitu ambacho wageni wengi hukipita haraka, nami nakithamini kuliko mizinga: michoro ya askari na mabaharia wa Kireno wa karne ya 17, iliyochorwa ukutani kwa makaa na rangi nyekundu. Walichora walichokijua, hasa merikebu. Hakuna mfalme aliyewaagiza. Ni watu waliokuwa mbali na kwao, wakikesha zamu wakiitazama bahari.

Merikebu mashuhuri kuliko zote zilizozama hapa iko karibu mno na ngome hiyo, chini ya maji. Santo António de Tanná, manowari iliyoundwa Bassein nchini India mwaka 1681, ilikuja kuwaokoa waliozingirwa, ikazama Oktoba 1697. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimba kuanzia 1977 hadi 1980, wakatoa mizinga, vyombo vya udongo na mali za mabaharia, vingine vikiwa leo katika jumba la makumbusho la ngome. Kiunzi chake walikiacha palepale, wakakifukia tena kwa mchanga.

Kuhusu msikiti mkongwe, hapo ugomvi haujaisha. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara uliochongoka kama koni, hutajwa kuwa wa mwaka 1570, na ndio unaosifiwa zaidi. Wazee wengine wa Mji wa Kale watakuelekeza Msikiti wa Basheikh, wenye mnara wa sura hiyohiyo. Msafiri Ibn Battuta alipopita 1331 alikuta watu wa Mombasa wakiswali katika misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, kwa hiyo swala hapa ni ya zamani kuliko mwaka huo wa 1570.

Jengo la ajabu kuliko yote kwangu mimi ni Mnara wa Mbaraki. Ni wa mawe ya matumbawe, mtupu ndani, umesimama karibu na maji upande wa Kilindini, na msikiti pembeni yake. Wapo wanaousema kaburi la mkubwa wa kale, wapo wanaousema makao ya pepo, na watu wamekuwa wakienda kuacha marashi na ubani.

Himaya fupi kuliko zote iliyopata kutangazwa hapa ilianza 1824 na kufa 1826. Wamazrui, ukoo uliotawala mji, wakimhofia Seyyid Said wa Oman, walimwomba ulinzi Kapteni Owen wa manowari ya Kiingereza Leven. Akakubali, London ikakataa. Luteni John Reitz aliyeachwa kuisimamia alifariki Mei 1824. Hori la Port Reitz lina jina lake. Leven House na ngazi zake zinazoshuka hadi majini, ambako kulikuwa na kisima cha maji baridi cha mabaharia, zipo bado.

Usafiri wa ajabu ulikuwa toroli: mwanzoni mwa karne ya 20 reli nyembamba zilipita mitaani, na wakubwa wakasukumwa na vibarua kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini. Daraja la ajabu lilikuwa la Nyali la 1931, lililoelea juu ya maboya hadi daraja la zege lilipofunguliwa 1980.

Kundi kubwa kuliko yote la manowari kuifanya Mombasa makao lilifika 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia. Wajapani walikuwa wameshambulia bandari za Colombo na Trincomalee huko Ceylon mwezi Aprili na kuzamisha manowari kadhaa za Waingereza, ndipo Admirali James Somerville akauleta Kilindini msafara wake mkuu wa Bahari ya Hindi. Pamoja naye walikuja wavunja misimbo, na wakakabidhiwa majengo ya shule ya Allidina Visram. Septemba 1942 Wajapani walifanya kosa katika kutuma ujumbe. John MacInnes na Brian Townend wakaling'ang'ania kosa hilo, wakaufungua msimbo wa JN-40 uliotumiwa na meli za mizigo za Japani, na kufikia Novemba ujumbe wake ulikuwa unasomeka. Mahali pa siri kuliko pote katika vita vya pwani hii palikuwa darasani.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizaliwa tarehe 12 Desemba 1964, na makao yake yako Mtongwe. Allidina Visram nayo imerudi kuwa shule. Wanafunzi mnaosoma hapo, waombeni walimu wenu wa historia wawasimulie yaliyofanywa katika madarasa yenu mwaka 1942.