Tunaandika kwa Tarehe, Tunatafuta kwa Jambo

Katika vikundi vyetu wapo watu wanaoandika mambo yao ya kila siku. Mwingine ana daftari la kurasa mia mbili, mwingine anaandika kwa simu. Hiyo ni kazi nzuri. Shida huja siku ile unaulizwa swali. Daktari wa mifugo amesimama zizini anauliza: "Huyu alipandishwa lini?" Ama mtoto ameshikwa na kifafa tena, na kliniki wanataka kujua mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama alikuwa amekunywa dawa. Unajua kabisa uliandika. Lakini uliandika katikati ya mambo ya mbolea, mazishi ya jirani na chama, na sasa unafungua kurasa huku watu wanangoja.

Sababu ni kwamba shajara, ile wengi tunaita dayari, huandikwa kwa kufuata tarehe, lakini mwenyewe huitafuta kwa kufuata jambo. Hapo ndipo programu za simu zinasaidia.

Tuchukue Google Keep, ambayo ni ya bure na huwekwa kwenye simu nyingi za Android. Kila unachoandika kinakaa peke yake kama dokezo. Kila dokezo unaweza kulipa lebo, yaani jina la jambo, kama vile debe la mahindi na debe la maharagwe yanavyoandikwa juu ili usifungue yote. Ukiwa ndani ya dokezo andika alama ya # kisha jina, mfano #afya, nayo simu itakuuliza kama unataka lebo hiyo. Baadaye ukifungua lebo ya afya, yanatoka ya afya peke yake. Unaweza kuandika hata kama huna bando. Yatapanda kwenye akaunti yako siku ukipata mtandao.

Jambo moja watu hawaambiwi: tarehe ambayo Keep inakuonyesha ni ile ya mwisho kurekebisha dokezo. Ukirudi kusahihisha neno moja tu, tarehe imebadilika. Kwa hivyo andika tarehe mwenyewe, mwanzoni, kila siku.

Sasa lebo zenyewe. Wengine wakishajifunza wanaweka lebo thelathini, na hapo wamerudi palepale. Tano au sita zinatosha. Jiulize: ni nani atakuja kuniuliza, na ataniuliza nini? Mwenye ng'ombe wa maziwa ataulizwa na daktari na watu wa maziwa. Mwenye watoto wa sekondari ataulizwa karo. Na jina likishachaguliwa lisibadilike. Leo ukiandika ng'ombe, kesho ngombe bila ile alama, kesho kutwa tuga kwa Kikalenjin, simu itahesabu hayo ni mambo matatu tofauti. Simu haijui kwamba ni zizi moja.

Mfano wa ng'ombe unaeleza vizuri. Umeandika: "14 Aprili. Cheptoo amepandishwa." (Hata ng'ombe mpe jina, ni rahisi kumtafuta.) Basi karibu 5 Mei, siku ya 21, unamwangalia kama joto limerudi. Lisiporudi, mwite daktari ampime baadaye. Akiwa ameshika, siku kama 283 zinakufikisha karibu 22 Januari, na miezi miwili kabla ya hapo unaacha kumkamua ili apumzike. Kadhalika akidungwa dawa ya kiwele, andika jina la dawa na siku ambazo maziwa hayafai kuuzwa, kama ilivyo kwenye chupa. Maziwa ya ng'ombe mmoja yakiwa na dawa yanaweza kuharibu ya majirani wote waliomimina kwenye tangi moja.

Kama hiyo dawa ulichukua kwa deni, dokezo hilo lipe lebo mbili: ng'ombe na deni. Hapa simu inashinda daftari, kwa sababu kwa daftari ungeandika mara mbili. Piga na picha ya risiti, uiweke hapo hapo.

Kwa shamba vilevile. Tangu viwavi jeshi vya mahindi viingie Kenya mwaka 2017, kila mtu ana hadithi ya dawa iliyofanya kazi na ile haikufanya. Aliyeandika siku alipoviona, dawa aliyopiga, na kama vilikufa, misimu miwili baadaye anafungua lebo moja na kusoma, badala ya kubahatisha dukani.

Kuna na lebo ambayo mimi huwashauri watu waiweke: moyo. Hasira, pombe nyumbani, usingizi uliokataa, sala. Daftari la sala la Mtakatifu Ignasi wa Loyola la 1544-1545, katika sehemu yake ya kwanza, linarudia swali moja siku baada ya siku, kama makanisa ya shirika lake yawe na mapato au la. Ukisoma ya moyo ya miezi mitatu pamoja unaona kitu ambacho siku moja haikuonyeshi: kwamba usiku mbaya ni kila mwisho wa mwezi, au ni kila fulani akija nyumbani. Mtu akija kwangu na karatasi kama hiyo tunaanzia mbali.

Lakini hayo ni siri. Weka namba ya kufunga simu, na kama simu ni ya nyumba nzima, ya moyo yaandike kwa daftari unalolificha. Neno la siri la akaunti lisikae kwa simu hiyo hiyo. Ikiibiwa, bila hilo neno ni vigumu kuyapata maandishi yako.

Asiye na simu ya kugusa aweke namba kwa kila ukurasa wa daftari, na kurasa mbili za mwisho aziache wazi. Huko aandike: afya, ukurasa 3, 9, 17. Ni dakika moja kila jioni.

Na hesabu za kikundi zisichanganywe na shajara ya mtu. Mweka hazina anaweza kujiandikia, lakini kitabu cha kikundi ni cha kikundi, kinasomwa mbele ya wote na kinabaki hata yeye akihama.