Kamera nzuri kwenye tamasha: Begi linalindwa, masikio je?

Dar es Salaam. Siku ya Simba Day, au siku ya kilele cha Wiki ya Mwananchi, Barabara ya Chang'ombe hujaa watu mapema. Kabla mpira haujaanza, ndani ya Uwanja wa Benjamin Mkapa huwa kuna saa kadhaa za muziki. Katikati ya jezi hizo utawaona vijana wachache wenye mabegi meusi ambayo hawayaweki mgongoni. Wameyageuzia kifuani na kuyashika kwa mikono miwili, kama mama aliyepanda daladala na mtoto mchanga.

Ndani ya begi kuna kamera na lenzi zake. Kwa familia nyingi za Tandika, Mtoni, Yombo au Mbagala, kamera ya namna hiyo ndiyo mali ya thamani kuliko zote ndani ya nyumba. Imenunuliwa kwa hela ya mchezo, kwa mkopo wa kikoba au kwa mchango wa kaka mkubwa. Jumamosi inapiga harusi na kitchen party, Jumapili inapiga ubarikio, mwezi wa mahafali inazunguka shuleni. Kodi ya chumba inatoka humo, na ada ya mdogo wa mwisho pia.

Ndiyo maana kijana akisema anataka kwenda nayo kwenye tamasha la wazi, nyumba nzima inakuwa na la kusema, na ina haki hiyo. Swali linaloulizwa karibu kila mara ni kama kamera itarudi salama. Ni nadra mtu kuuliza kama masikio, shingo na macho ya anayeibeba vitarudi kama vilivyoondoka.

Temeke si mgeni wa muziki wa nje. Mchiriku ulichezwa kwenye viwanja vya vumbi na vinanda vidogo vya Casio miaka mingi kabla vijana wa sasa hawajazaliwa. Kundi la Wanaume TMK, lililokuwa na Juma Nature, Temba na Chegge, liliipeleka herufi tatu za Temeke nchi nzima. Ukumbi wa Dar Live pale Mbagala Zakhem ulivuta watu wa sikukuu kutoka pande zote za jiji. Na singeli, ambayo mapigo yake huvuka 200 kwa dakika, imelelewa kwenye sherehe za mitaa kama ya hapa kabla ya kuvuka mipaka na kufika kwenye majukwaa ya Ulaya. Kwa mpigapicha, hii ni kazi iliyo mlangoni, lakini inafanyika juani au usiku, kwenye vumbi na mbele ya spika.

Unachobeba kina uzito

Anza na mzigo. Seti inayopendwa na wapiga picha za jukwaani ni kamera mbili, moja ikiwa na lenzi ya milimita 24 hadi 70 na nyingine ya milimita 70 hadi 200, zote za tundu pana la f/2.8 kwa sababu taa za jukwaani hazitoshi. Chukua mfano wa Canon 5D Mark IV. Ikiwa na betri yake ina gramu 890. Lenzi ya 24-70 ina gramu 805, na ile ndefu inakaribia kilo moja na nusu. Jumlisha kamera mbili na lenzi hizo mbili, unapata kilo nne na ushei. Huo ni uzito wa mtoto mchanga aliyezaliwa mnene, akining'inia shingoni kwa saa sita.

Mkanda unaokuja na kamera ukiwa mpya umetengenezwa kukaa shingoni, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Uzito unavuta shingo mbele, misuli ya mabega inakaza ili kuirudisha, na asubuhi kijana anaamka na kichwa kinauma akidhani ni uchovu wa kukesha. Mkanda unaopita begani kwa mshazari na kuiacha kamera ikae kiunoni unapunguza shida hiyo. Ule wa kuvaa kama fulana, unaogawa uzito mabega yote mawili, ni bora zaidi kwa anayebeba kamera mbili.

Dawa nzuri kuliko mikanda yote ni kuacha kitu nyumbani. Kwa mtu anayekwenda na kamera moja, lenzi mbili zinatosha, na mara nyingi hata moja inatosha. Aliye karibu na jukwaa atafanya kazi yake yote na 24-70. Aliye mbali, kama kwenye majukwaa ya Uwanja wa Mkapa, ndiye mwenye sababu ya kubeba ile ndefu. Kubadilisha lenzi katikati ya umati wenye vumbi ni kuialika takataka ikae kwenye kihisi cha picha. Na kila lenzi ya ziada ni kitu kimoja zaidi cha kulinda, kwa hiyo jicho linahama kutoka jukwaani na kuhamia kwenye begi. Asiyekuwa na lenzi ndefu anaweza kukodi kwa siku mjini, ilimradi aijaribu mbele ya mwenye nayo na wakubaliane kwa maandishi ikidondoka itakuwaje.

Kabla ya yote hayo, aulize kama ataruhusiwa kuingia. Matamasha mengi makubwa huruhusu simu na kuzuia kamera zenye lenzi za kubadilisha, isipokuwa kwa mwenye kitambulisho cha kazi kilichotolewa na waandaaji. Kubishana na baunsa getini ukiwa na mali ya familia mkononi, huku watu mia wakisukuma nyuma yako, ni hatari isiyo na faida yoyote.

Mahali pazuri kwa picha, pabaya kwa sikio

Mahali panapotoa picha nzuri kuliko pote ni chini ya jukwaa, mbele ya uzio. Hapo unaona jasho la msanii na vidole vya mpiga kinanda. Hapo hapo ndipo spika za sauti nzito zimepangwa kama ukuta, wakati mwingine hatua mbili kutoka kichwani kwa mpigapicha. Mshabiki akichoka anarudi nyuma kununua maji, ila mpigapicha anabaki.

Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini (NIOSH) inaweka kikomo cha sauti ya kazini kuwa desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu: desibeli 88 saa nne, 91 saa mbili, na kadhalika. Ukifika 100, muda uliobaki ni dakika 15. Mbele ya spika za tamasha, 100 ni kiwango cha kawaida kabisa na mara nyingi huvukwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO), linalokadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya sauti kubwa za starehe, lilitoa mwongozo wa kumbi na matamasha Machi 2022. Mwongozo huo unataka wastani usizidi desibeli 100, sauti ipimwe wakati onyesho likiendelea, vizibo vya masikio vipatikane, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzikia.

Ipo desturi ya matamasha makubwa ya nje inayowaruhusu wapigapicha kukaa chini ya jukwaa kwa nyimbo tatu za kwanza tu, bila flashi, kisha watoke. Wengi huiona kama uonevu. Lakini hesabu nyimbo tatu za kawaida: ni kama dakika 10 hadi 12. Bila kukusudia, desturi hiyo inamtoa mtu pale muda wake salama ukiwa unakaribia kwisha. Kwenye maonyesho mengi ya mitaani hapa kwetu utaratibu huo haupo. Singeli nayo haina mapumziko, wimbo mmoja unazaliwa ndani ya mwingine, na aliyekodiwa kupiga picha anakaa na muziki mnene kuanzia saa nne usiku mpaka asubuhi.

Kinachoharibika ni seli ndogo zenye vinywele ndani ya sikio, zinazobadili mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Mwanzoni mtu anasikia mluzi masikioni usiku ule na dunia inakuwa kama imefunikwa blanketi. Kesho yake hali inatulia, naye anaamini amepona. Baada ya miaka kadhaa ya wikiendi za namna hiyo, wanaogundua kwanza ni watu wa nyumbani: televisheni inaongezwa sauti, simu inawekwa spika, mke akiongea kutoka jikoni anajibiwa "unasemaje?" mara tatu.

Vizibo vya sponji, vile vidogo unavyovisokota kwa vidole na kuviacha vitanuke ndani ya sikio, vikivaliwa vizuri hupunguza desibeli 15 hadi 30 na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na lenzi. Pamba haisaidii kitu cha maana. Karatasi ya chooni ndiyo kabisa. Vipo pia vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuifanya ivie, vinavyomfaa anayehitaji kusikia maelekezo. Visivaliwe baada ya masikio kuanza kulia. Vivaliwe kabla ya kuingia. Na kati ya msanii mmoja na mwingine, rudi nyuma kabisa. Picha za mashabiki, za mama muuza karanga getini, za mtoto aliyelala begani kwa baba yake, zinapatikana huko huko nyuma.

Picha za watoto zinahitaji adabu yake. Mzazi aulizwe kwanza, hasa sasa ambapo nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na picha ikishafika mtandaoni hairudi.

Jua, miali na unyevu

Jua la alasiri likiwa mbele yako, usilitazame kupitia kitundu cha kamera ya kioo yenye lenzi ndefu. Lenzi inakusanya mwanga na kuupeleka moja kwa moja kwenye jicho, na kioo cha ndani ya jicho kinaweza kuungua bila maumivu yoyote. Miali ya leza za jukwaani nayo ni ya kuogopwa kwa macho na kwa kamera pia, kwani inaweza kuchoma kihisi na kuacha doa au mstari wa kudumu kwenye kila picha. Leza zikielekezwa upande wako, teremsha kamera.

Mwili nao unahitaji maji, na hapa wapigapicha ni wakaidi. Hawanywi kwa kuogopa kupoteza nafasi wakienda chooni. Kwenye joto la Dar la zaidi ya nyuzi 30 na unyevu wake, kizunguzungu kinaweza kuja, na anayeanguka na kilo nne za vioo hasalimiki peke yake. Chupa ya maji ikae kwenye mfuko wa pembeni wa begi, mbali na kamera.

Wanaovuka kwenda Zanzibar mwezi wa pili kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na ambalo kwa miaka mingi limekuwa likifanyika Ngome Kongwe, wanakutana na adui mwingine. Kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje ghafla inatokwa na jasho kama chupa ya soda ya baridi. Ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa kabla ya kutoka, iachwe humo nusu saa ipate joto la nje, ndipo ifunguliwe. Chumvi ya bahari ifutwe siku hiyo hiyo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Mwenye kuiacha lenzi ndani ya kabati, imefungwa vizuri kwenye kanga, anaifugia fangasi, maana giza na unyevu ndivyo inavyopenda. Bora ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na ndani yake vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikiwa vipya. Mchele uachwe jikoni, una vumbi.

Kurudi nyumbani

Hatari kubwa ya wizi huanza muziki ukishazimwa. Wale wa pikipiki, vishandu, hupenda begi lililotundikwa bega moja la mtu anayesimama barabarani akitafuta usafiri na simu mkononi. Bajaji ya dereva anayefahamika, iliyopangwa tangu jioni, ni bora kuliko bodaboda ya kubahatisha saa tisa usiku. Memori kadi itolewe kwenye kamera na kukaa mfuko wa ndani wa suruali, ili hata kamera ikienda, kazi ya mteja ibaki. Risiti na namba za kamera na lenzi zipigwe picha na kutunzwa na mtu mwingine wa familia. Ukifika polisi kuchukua RB, namba hizo ndizo zitakazofanya maelezo yako yaeleweke.

Akifika nyumbani aachwe kwenye utulivu, bila redio na bila visikizio vya simu, masikio yapumzike. Mluzi ukiendelea zaidi ya siku moja au mbili, aende apimwe usikivu kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, kama iliyopo Muhimbili. Sikio moja likizima ghafla, asisubiri hata siku hizo mbili. Zipo dawa zinazoweza kusaidia, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya siku chache za mwanzo.