Viraka Vyenye Kumbukumbu

Je, nguo iliyochakaa nyumbani kwako huishia wapi? Kabla hujaigeuza tambara la kupigia deki, wafikirie akina mama wa Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na mto pande tatu huko Alabama, Marekani. Wao ni kizazi cha watumwa wa mashamba ya pamba. Nguo za shambani zilipochakaa, walizikata vipande, wakaviunga, wakatandika pamba katikati na kitambaa chini, kisha wakapitisha mshono tabaka zote tatu. Watoto wakapata blanketi la kuwakinga na baridi.

Mwaka 1942, Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alishona blanketi kwa nguo za kazi za marehemu, apate kumkumbuka. Mwaka 1966 akina mama wa sehemu hizo waliunda ushirika, wakauza kazi zao. Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalitundikwa katika jumba la makumbusho mjini Houston.

Basi nawe, weka akiba ya vipande vya kanga, suruali na mashati. Vifue kwanza, ukate sehemu zilizo imara tu, na jioni baada ya kazi waite watoto mpange rangi pamoja. Sindano na uzi si ghali. Na mtoto alalaye chini ya shati la babu yake hatasahau alikotoka.