Ukiumizwa na Lori: Haki Yako na Njia ya Kuidai

Leo nataka kusema nanyi habari ya malori. Sitasema habari ya mizigo yake wala ya nguvu za mashine zake, bali habari ya mtu aliyeumizwa na lori la biashara, na jinsi awezavyo kuidai haki yake kwa njia ya sheria.

Kila akaaye kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, Iringa na Mbeya, hata Tunduma mpakani mwa Zambia, huyajua malori hayo. Hupita mchana na usiku, mengine yamebeba mafuta, saruji na mbolea kwenda bara, mengine yashuka bandarini na shaba ya Zambia na ya Kongo. Lori lililojaa, pamoja na tela lake, hufika tani 50 na zaidi. Uzito wa namna hiyo ukiteremka mlima wa Kitonga na breki zake zimeshika moto, hausimami kwa sababu dereva ametaka usimame.

Basi tuseme ya kuwa yuko mkulima wa nyanya wa Ilula, amesimama ukingoni mwa barabara na matenga yake akingoja mnunuzi. Lori laacha njia, lampiga, mguu wake wavunjika mahali pawili. (Mtu huyu nimembuni kwa ajili ya mazungumzo haya.) Alala hospitali miezi mitatu, nyanya zaoza shambani, mkewe auza mbuzi ili kununua dawa. Dereva apelekwa mbele ya hakimu, aonekana na hatia ya kuendesha kwa uzembe, atozwa faini, ailipa, na baada ya siku chache yu barabarani tena. Mkulima auliza, "Na mimi je?"

Watu wengi hudhani ya kuwa shauri limekwisha pale, na ya kuwa faini ile ingalipaswa kuwa fidia ya mkulima. Sivyo. Ajali moja huzaa mashauri mawili. La kwanza ni la jinai: mshitaki ni Serikali, na faini huingia hazina ya Serikali. La pili ni la madai: mdai ni yule aliyeumia, na hakuna askari wala hakimu atakayemfungulia asipolifungua mwenyewe au kwa wakili wake. Walakini shauri la kwanza lina faida kwa la pili, kwa maana hukumu iliyomtia dereva hatiani ni ushahidi wenye uzito mkubwa katika madai ya fidia. Kwa hiyo majeruhi na afuatilie kesi ya dereva, na apate nakala ya hukumu yake.

Sasa, amdai nani? Dereva ni mtu wa mshahara. Huenda hana nyumba wala shamba. Hapa sheria ina kanuni moja ya zamani inayofaa kujulikana katika kila kijiji: mwajiri huwajibika kwa kosa la mtumishi wake likifanyika katika kazi yake. Nitawapa mfano wa kweli. Huko London, zamani za mabasi ya kukokotwa na farasi, dereva wa kampuni moja ya mabasi alilikingamiza basi lake barabarani ili basi la wapinzani lisimpite, na basi lile likapata hasara. Kampuni ikajitetea ikisema, "Sisi tulikwisha kumkataza kwa maandishi asishindane wala asizuie mabasi ya wengine." Mwaka 1862 majaji wakasema ya kuwa katazo lile haliiokoi kampuni, kwa kuwa dereva alikuwa akifanya kazi yake, ingawa aliifanya vibaya. Shauri lile huitwa Limpus. Tena si jambo geni kwetu, maana sheria ya Uingereza iliyojengwa na hukumu za majaji iliingizwa Tanganyika kwa Amri ya mwaka 1920, na mahakama za Tanzania zaendelea kuitumia mahali pasipo na sheria iliyotungwa na Bunge.

Basi mwenye lori akisema, "Nilimwambia asikimbie," hilo peke yake si kinga. Lakini akiweza kuthibitisha ya kuwa dereva aliliiba lori usiku kwenda ngomani kwao, mbali na safari aliyotumwa, hapo ana neno la kujitetea.

Nyuma ya mwenye lori yuko mtu wa tatu, naye ni kampuni ya bima. Uingereza iliweka sharti la bima kwa kila motokaa mwaka 1930. Kwetu leo sharti hilo limo katika Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Gari lisilo na bima ya madhara kwa watu wengine haliruhusiwi kuwa barabarani. Maana yake ni hii: ukishinda shauri dhidi ya mwenye lori, bima hupaswa kulipa kwa ajili yake, hata kama yeye mwenyewe amefilisika. Sharti moja ni kwamba kampuni ya bima ipewe taarifa kabla ya kufungua shauri au mara tu baada ya kulifungua. Taarifa hiyo imesahauliwa na wengi, nao wakapata hukumu nzuri isiyo na mtu wa kuilipa.

Malori ya nchi jirani nayo yana njia yake. Mengi huja na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima itambuliwayo katika nchi zilizo katika mpango huo. Tanzania imo, ingawa ilijitoa katika COMESA yenyewe mwaka 2000. Kwa hiyo asikudanganye mtu ya kwamba lori la kigeni likivuka mpaka haki yako imevuka nalo. Kila nchi ya mpango ina ofisi ya kushughulikia madai hayo.

Haya yote ni bure ikiwa hakuna kilichoandikwa. Nami hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mashauri mengi hufa katika siku za mwanzo, kabla wakili hajayaona.

Majeruhi mwenyewe hawezi kuandika kitu, ana maumivu. Kazi hii ni ya ndugu na jirani. Mmoja na aende naye hospitali, mwingine abaki barabarani. Anayebaki aandike namba ya lori, na namba ya tela pia, kwa kuwa kichwa na tela husajiliwa mbalimbali, na huenda kila kimoja kina mwenyewe na bima yake. Aandike jina lililochorwa mlangoni, jina la dereva, na habari za bima. Aandike majina na simu za walioona kwa macho yao, si waliosikia. Kama ana simu yenye kamera, apige picha za alama za matairi kabla mvua haijazifuta na kabla lori halijavutwa. Ni afadhali kufanya hivyo kuliko kukimbilia kuchota mafuta yanayomwagika, jambo ambalo limeua watu wengi Morogoro mwezi wa Agosti, mwaka 2019.

Kisha polisi. Hapana budi ajali iandikwe kituoni, na majeruhi apewe Fomu ya Polisi namba 3, ambayo watu huiita PF3. Daktari hujaza humo majeraha aliyoyaona. Mwambie daktari kila mahali panapouma, maana kiuno kisichoandikwa leo kitaitwa kiuno cha uzee miaka miwili baadaye. Polisi huchora ramani ya mahali pa ajali na kulikagua gari; nakala za karatasi hizo ndizo wakili na kampuni ya bima watakazoziuliza kwanza.

Zaidi ya hayo, kila stakabadhi iwekwe: ya dawa, ya picha ya mfupa, ya nauli ya kwenda kliniki, hata ya magongo. Sheria hugawa fidia mafungu mawili. Gharama ulizokwisha kutoa hutakiwa kutajwa moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Hakimu hawezi kukupa kwa huruma kile usichokionyesha. Maumivu, ulemavu na raha uliyopoteza ni fungu jingine, na hilo hakimu hulikadiria kwa busara yake. Mkulima hana hati ya mshahara, lakini ana daftari la mauzo, ana wanunuzi waliozoea kuja kwake, ana majirani wajuao ukubwa wa shamba lake. Wote hao ni ushahidi wa kazi aliyopoteza.

Sasa naja katika jambo linaloniudhi kuliko yote. Siku ya tatu au ya nne, mtu mwenye nguo safi hufika kitandani. Ametumwa na mwenye lori. Amebeba matunda na bahasha, atoa pole kwa maneno mazuri, na mwisho atoa karatasi: "Weka dole gumba hapa, ni ya kuonyesha kwamba umepokea." Kupokea pole si vibaya, desturi zetu zaturuhusu, na kuikataa huonekana kama chuki. Lakini karatasi ile huenda yasema ya kuwa madai yote yamekwisha sasa na hata milele, kwa shilingi zisizotosha hata kutoa vyuma mguuni. Isomwe kwanza na mtu wa upande wako. Kama ni pole, na iandikwe pole, wala isiandikwe suluhu. Mapatano nje ya mahakama ni jambo jema, na mashauri mengi huisha hivyo. Bali yangoje hata daktari aseme mguu utakuwaje.

Ndipo tufike kwa wakili. Wakili wa kweli jina lake limo katika Daftari la Mawakili, naye huwa na cheti cha kufanyia kazi kinachohuishwa kila mwaka. Waulize, wala usione haya. Katika viwanja vya mahakama na vya hospitali wako watu waitwao vishoka, wasio na cheti, ambao huchukua karatasi zako za asili na asilimia yako kisha hawaonekani. Usimpe mtu yeyote karatasi za asili bila kubaki na nakala. Mapatano ya malipo ya wakili yaandikwe: ni kiasi gani, kitalipwa lini, na fedha za fidia zitapitia mkono wa nani.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa msaada usio na malipo kwa maskini, na ikawatambua wasaidizi wa kisheria walio katika wilaya. Hao si mawakili, hawasimami mahakamani badala yako, lakini hujua kuandika barua ya madai na kukupeleka panapostahili. Liko pia shirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yaweza kukuonyesha aliye karibu.

Wako watu wawili ambao hali yao ni mbali na ya mkulima wetu. Wa kwanza ni utingo. Yeye ameumia kazini, na pamoja na haki ya kumdai mwenye makosa, aangalie pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Wa pili ni yule aliyepanda juu ya shehena kwa kumpa dereva fedha kidogo. Huyu hali yake ni ngumu. Bima huweza kukana ya kuwa haikukubali abiria katika gari la mizigo, na hakimu aweza kupunguza fidia yake kwa kuwa naye alijitia hatarini. Asikae kimya kwa sababu hiyo, ila amweleze wakili ukweli wote tangu mwanzo.

Kama aliyegongwa amekufa, mke au mume, watoto na wazazi waliomtegemea wanayo haki ya kudai chini ya Sura ya 310. Nao wamwone wakili mapema vivyo hivyo.

Shauri la mkulima wetu laweza kufunguliwa mahali ajali ilipotokea au mahali mdaiwa akaapo. Kwa hiyo hana lazima ya kumfuata mwenye lori Dar es Salaam. Asiogope lugha pia: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Lakini muda una mpaka. Madai ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, na barua za kubembelezana na kampuni ya bima hazisimamishi hesabu hiyo. Kwa mtoto, miaka hiyo huanza kuhesabiwa atimizapo umri wa miaka 18. Walakini mzazi si lazima angoje, aweza kufungua shauri kwa niaba ya mtoto wakati mashahidi wangali wanakumbuka.