Mshahara huku, biashara kule: Pensheni yako inahesabiwa wapi?

Katika miji ya mpakani kama Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, si ajabu kumkuta mwalimu mwenye duka la vitenge, au karani wa wakala wa forodha anayevusha mchele na maharage kila mwisho wa wiki. Mwisho wa mwezi mshahara wake unakatwa mchango wa pensheni. Faida ya biashara haikatwi chochote. Miaka inakwenda hivyo hivyo, na siku ya kustaafu anakuta mafao yamekokotolewa kwa mshahara peke yake, ilhali nyumbani kwake biashara ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba na ada za shule.

Kila nchi ina kiwango chake cha makato. Tanzania, mwajiri na mfanyakazi wa sekta binafsi huchangia NSSF jumla ya asilimia 20 ya mshahara. Uganda, mfanyakazi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 10. Kenya, kila upande hutoa asilimia 6, hadi kikomo cha mshahara kilichowekwa na sheria. Rwanda ilipandisha mchango wa pensheni kutoka asilimia 6 hadi 12 Januari 2025, nao hugawanywa nusu kwa nusu. Kote huko, kinachohesabiwa ni mshahara. Mapato ya duka au mzigo hayamo.

Wafanyabiashara wengi hujibu kwamba mtaji ndio pensheni yao. Waliokuwa wakitegemea mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, wanajua udhaifu wa jibu hilo. Mpaka ule ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Kwa karibu miaka mitatu, aliyekuwa na akiba nje ya biashara alikuwa na pa kushika. Aliyekuwa na mtaji pekee aliula.

Milango ya hiari

Mifuko ya kanda hii imeweka milango kwa mapato yasiyo ya mshahara. Kenya, mpango wa Haba Haba wa NSSF ulianza 2019 na mtu huweka kuanzia KSh25 kwa siku, sawa na KSh750 kwa mwezi wa siku 30. Baada ya kuchangia miaka mitano, anaweza kuchukua hadi nusu ya michango yake. Uganda, NSSF ina SmartLife Flexi, ambayo mwenye mshahara na asiye na mshahara wote wanaweza kujiunga. Rwanda ina Ejo Heza, iliyozinduliwa Desemba 2018 kwa ajili ya watu wote, hasa wasio na ajira rasmi. Tanzania, NSSF huwapokea waliojiajiri kama wachangiaji wa hiari.

Kwa mwenye mapato mawili Kenya, kuna faida ya kodi pia. Tangu Desemba 27, 2024, mchango wa pensheni unaoweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi umepanda kutoka KSh20,000 hadi KSh30,000 kwa mwezi. Kikomo hicho ni kimoja kwa mtu mmoja. Anayekatwa kwenye mshahara na pia kuchangia mpango binafsi uliosajiliwa ajumlishe yote mawili kwanza, ndipo ajue nafasi iliyobaki.

Miezi haivuki mpaka

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoumia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi haki ya hifadhi ya jamii katika nchi anayofanyia kazi. Lakini mifuko yenyewe haijaunganishwa, kwa hiyo michango ya Nairobi haijumlishwi na ya Arusha.

Tanzania, pensheni ya kila mwezi hutolewa kwa aliyechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Chukua mfano wa mtu aliyeajiriwa Arusha miaka tisa, kisha akaacha kazi na kuhamia biashara Nairobi. Ana miezi 108, na bado 72. Akianza upya Kenya na kuitelekeza akaunti ya Tanzania, atabaki na vipande viwili vidogo, na kile cha Tanzania kitamletea mkupuo badala ya malipo ya kila mwezi. Akiendelea kuchangia Tanzania kwa hiari kutokana na biashara yake, anaweza kuikamilisha ile miezi.

Uganda hesabu ni nyingine, kwa kuwa NSSF hulipa akiba yote kwa mkupuo mwanachama anapofikisha miaka 55. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 mapema. Fedha hizo huvutia kuongeza mzigo, lakini kinachotolewa leo hakitazaa faida tena hadi 55.

Kabla ya kufungua akaunti mpya, nenda kwenye mfuko ulionao ukaulize mambo matatu, na majibu uyapate kwa maandishi: nina miezi mingapi iliyolipwa kweli, michango ya hiari inajumlishwa na ya ajira au inakaa kando, na naweza kulipa kwa simu nikiwa nchi jirani? Angalia pia sarafu. Ukinunua na kuuza kwa shilingi ya Kenya huku akiba yako ikiwa ya Tanzania au Uganda, thamani ya mchango wako hupanda na kushuka pamoja na bei ya kubadili fedha.

Mwisho, hakiki majina ya wategemezi. Wengi waliandikisha wazazi walipoajiriwa mara ya kwanza, kisha wakaoa au kuolewa upande wa pili wa mpaka bila kubadilisha fomu. Namba ya uanachama na jina la mfuko viandikwe na kuachwa nyumbani, kwa sababu mjane aliye Busia hawezi kudai fedha asizojua kuwa ziko Dar es Salaam.