Hedifoni zinanguruma? Usikimbilie amplifaya mpya!

Usiku, mvua inapiga bati kule Hamugembe au Kamachumu, redio haisikiki. Unavaa hedifoni ule raha zako. Mara: mmmmm! Basi bwana, lawama zote kwa amplifaya.

Wengine wanasingizia umeme ambao Kagera ililetewa miaka mingi kutoka Uganda. Wapi! Huko na huku umeme ni hezi 50, na huo ndio unaounguruma.

Chomoa chaja, kompyuta ibaki na betri. Kimya? Mchawi ni chaja, au erthi mbili zinagombana kupitia waya wa sauti. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Bado? Badili waya wa sauti.

Ila chonde chonde, usikate mguu wa erthi kwenye plagi. Kelele zitaisha, lakini siku umeme ukivujia kwenye bodi ya chuma, utaisha na wewe.

Na kununua je? Hedifoni nyingi za omu 32 hazitaki makuu. Amplifaya yenye nguvu mno itazidisha mchakaro tu. Za omu 250 au 300 ndizo zinazotaka msuli. Zako ni za omu ngapi? Soma kwanza, halafu ndiyo ufungue pochi.